Mkwe, Gari Lako Linamaliza Umeme Wangu

Kwa Mkwe Wangu, Mpima Viwanja,
Ghorofa ya Nne.

YAH: KUCHAJIWA KWA GARI NYUMBANI KWANGU

Mkwe wangu mpendwa,

Baada ya salamu, na baada ya kushauriana na mama mkwe wako, ambaye hakubaliani na barua hii hata kidogo, naomba kuwasilisha yafuatayo. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo utanivumilia nikiyapanga kwa namba.

1. Kwa miaka sita tangu umwoe binti yetu, ulifika hapa mara mbili, na mara moja ulikuwa umepotea njia. Tangu ununue gari la umeme, unakuja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Naelewa unakaa ghorofani na waya haufiki chini. Lakini mkwe, shikamoo yako unaitoa ukiwa umeinama nyuma ya kochi unatafuta soketi. Marahaba yangu naziitikia soli za viatu vyako.

2. Umeme uliokuwa ukinitosha mwezi mzima sasa unakwisha siku ya tisa. Ili gari lako lishibe, friji tunaizima na pasi tumeipiga marufuku. Nilikwenda mkutano wa wastaafu na shati lililokunjamana hadi mwenyekiti akanipa pole, akidhani nimefiwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwangu mgeni anapona, mwenyeji anazimikiwa.

3. Hili ndilo linaloniuma. Tangu mwezi wa tatu nakusimulia habari za jalada lililopotea pale mahakamani. Kila nikikaribia kusema lilikopatikana, simu yako inalia, asilimia mia, nawe umeshasimama: "Baba, ngoja niwahi." Mkwe, jalada bado limepotea, na shahidi pekee aliye hai ni mimi.

4. Jumamosi iliyopita ulikuja ukiwa na asilimia themanini. Ukaondoka kabla chai haijachemka. Mama mkwe wako alibaki mlangoni na vikombe vitatu mkononi, akaniuliza, "Kwani leo lilikuwa limeshiba?" Nilikipokea kikombe cha tatu, nikakirudisha kabatini.

Kwa kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe; na kwa kuwa gari halishiki jembe; naamua kwamba kuanzia leo gari lako lisichomekwe tena kwenye ukuta wangu. Ukitaka kutusalimia, njoo kwa miguu. Uamuzi huu haukatiwi rufaa.

Msalimie binti yangu, wasalimie wajukuu, na yule jirani yenu wa ghorofa ya tatu aliyenishika mkono kwenye ngazi nilipokuja kwenu, mwambie goti langu linaendelea vizuri.

Mimi baba mkwe wako, mwenye nyumba na mwenye mita,

Karani Mstaafu

N.B. Jana alikuja fundi umeme, katumwa na binti yangu, amebeba kifaa cha kufunga ukutani. Akasema kwa kifaa hicho gari litajaa kwa saa moja badala ya sita. Nimemrudisha. Nimemwambia nyaya za nyumba hii ni za zamani, haziwezi haraka. Umeme wa Jumamosi nimeshanunua. Tafadhali zungukazunguka kwanza mjini, uje betri ikiwa tupu kabisa.