Katoni Haifunguliwi

Siku Bosi wa kiwanda cha mashati alipobandika mlangoni barua ya wanunuzi wa ng'ambo, ili kuwatisha mafundi, watu wote waliisoma wakahuzunika. Mtaalamu peke yake aliisoma akasikia njaa. Wanunuzi walisema wamechoka kuulizia mzigo na kujibiwa "uko njiani". Sasa wangenunua kwa mtu anayeweza kuonyesha, saa yoyote, kila shati liko wapi: linakatwa, linashonwa au liko kwenye lori.

Mtaalamu hakuwa na utaalamu wowote unaojulikana na sayansi. Alikuwa na suti ya kuazima kwa dobi, kompyuta moja, na baba mkwe mtarajiwa aliyeambiwa kwamba kijana ana duka la nguo. Mzee alikuwa anakuja Jumamosi kuliona kwa macho yake. Duka lilikuwepo, tena limepakwa rangi. Kilichokosekana humo ni nguo.

Kesho yake asubuhi skrini ilikuwa imeshatundikwa ofisini kwa Bosi, na vidoti vya kijani vinatambaa kwenye ramani kama chawa waliosoma.

"Kila kidoti ni katoni zako," alisema Mtaalamu. "Mzigo ukikohoa huko uliko, unausikia hapa."

"Na mtu akiiba?"

"Kidoti kinakuwa chekundu kwa aibu."

Bosi, ambaye kwa miaka yote hajawahi kuwanunulia mafundi wake hata feni moja, alitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa pepo. Mlangoni alisimama dada yake mkubwa, Mama Stoo, na daftari kwapani. Humo alikuwa ameandika kila katoni iliyoingia na kutoka kwa miaka kumi na tisa.

"Mwanangu," aliuliza, "mtu akitaka kuhakiki, anafungua katoni ipi?"

"Mama yangu, hayo ni mambo ya kale. Siku hizi katoni haifunguliwi. Inasomwa."

"Haifunguliwi kabisa?"

"Anayefungua katoni amekiri kwamba hauamini mfumo."

"Umesikia, dada?" alisema Bosi. "Hilo daftari kafungie maandazi."

Mama Stoo alikuwa anakitazama kidoti cha lori la tatu, kilichokuwa kinavuka mto kwa mwendo wa kupendeza. Kisha akatazama dirishani. Lori la tatu lilikuwa uani, juu ya mawe, halina magurudumu, na dereva amelala chini yake.

Kwa ujira wake Mtaalamu aliomba katoni mia mbili za mashati, azichukue Ijumaa. Dada mtu akamnong'oneza mdogo wake maneno machache, na Bosi akakubali upesi mno. Mwenye akili angeshtuka. Mtaalamu alikuwa anawaza harusi.

Ijumaa katoni zilikuwa zimepangwa stoo, zimefungwa gundi vizuri. Mjumbe wa wanunuzi naye alikuwepo, miwani puani, kalamu mkononi, amekuja kuuona mfumo ukifanya kazi. Mtaalamu akainama, akapenyeza ukucha chini ya gundi ya katoni ya kwanza.

"Unafanya nini, mwanangu?" aliuliza Mama Stoo kwa upole.

"Nachungulia tu, Mama."

"Si ulisema katoni haifunguliwi?"

Mjumbe aliinua kalamu. Bosi akakohoa. Mtaalamu akaona wazi: akifungua, mfumo umekufa mbele ya shahidi, na mashati hayatoki hapo. Akauvuta ukucha wake, akatia saini kwamba mzigo umepokelewa, hali njema. Kwenye skrini kidoti cha mzigo wake kikabaki kijani.

Lori lake lilipotoka getini, Mama Stoo aliizima skrini akamkabidhi mjumbe daftari. Mjumbe akaulizia katoni ishirini, na zote ishirini zikakutwa palepale zilipoandikwa. Oda ikabaki.

Jumamosi baba mkwe mtarajiwa alikalishwa kwenye kiti cha heshima, na katoni ya kwanza ikafunguliwa mbele yake kwa kisu kipya. Mzee akavaa shati. Mkono wa kushoto uliingia vizuri. Wa kulia ulijipinda kuelekea mgongoni, akasimama kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Kijana," alisema, "hili limeshonewa kiumbe gani?"

Mtaalamu alifungua la pili, la kumi, katoni ya hamsini. Mwezi uliopita mkata vitambaa, ambaye ni shemeji yake Bosi, alikuwa ametandaza vitambaa vyote vikitazama juu badala ya kutazamana, akakata mikono elfu nane, yote ya kushoto. Mafundi, wanaolipwa kwa idadi wala si kwa maoni, waliishona yote kimya. Tangu hapo kiwanda kilikuwa kinatafuta pa kuyazika mashati hayo.

Akapiga simu, huku mzee bado anahangaika kuutoa mkono.

"Mama, mashati haya yana mikono miwili ya kushoto."

Ikasikika karatasi ya daftari ikifunuliwa.

"Ajabu. Hapa pana saini yako: hali njema."

"Mama, nakuomba. Mkwe wangu yuko hapa."

"Mwanangu," alisema Mama Stoo kwa masikitiko makubwa, "kwani umefungua katoni?"