Utepe wa Zélie

Paris, Jumatatu, 3 Juni 1889
Ewe msiri wangu, Zélie kanitazama! Kweli kabisa! Mimi nafuma tepe za hariri zenye picha ya mnara, wageni wa maonyesho wanazigombea. Yeye anauza sharubati ya ndimu, kibanda kinachotazamana nasi. Kisha akapita Toussaint, mwendeshaji wa lifti ya mnara, vifungo vyake vya shaba vinameremeta. Glasi yake ikajazwa hadi ikamwagika. Mimi hupewa nusu.

Jumanne, 4 Juni
Wazo! Kitanda chetu cha mfumi, huu mtambo wa kufumia, hufuata kadi zenye matundu: matundu ndiyo yanayochora picha kwenye utepe. Natoboa kadi zangu mwenyewe, chini ya mnara yatokee maneno: ZÉLIE, NAKUWAZA. Bosi wangu, mzee Fournel, kauliza mbona macho mekundu. Nikasema vumbi. Akasema vumbi gani hilo linalochekesha mtu peke yake.

Jumatano, 5 Juni
Kadi zangu nimeziunga kwenye mkufu wa kadi unaozunguka juu ya kitanda. Picha hufumwa kifudifudi, hakuna atakayeona kabla utepe haujakatwa. Kichwa ninacho!

Alhamisi, 6 Juni
Sina kichwa. Kitanda cha tepe hufuma tepe kumi na mbili kwa mpigo, na zote zimetoka na maneno yangu! Mtoto wa Saint-Étienne, mji wa wafuma tepe, nimelelewa na mama mfumi, nikasahau! Fournel kakata, kauza, hata hakusoma. Bwana mmoja wa ndevu kachomeka Zélie wangu kwenye kofia. Na Toussaint kanunua mmoja. Kampelekea, kana kwamba maneno ni yake. Zélie kaona haya, kamshukuru. Kamshukuru yeye!

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwendea. Nikamwambia mfumaji ni mimi. Akacheka, akasema kaka wee, tangu jana kila mwanamume anayepita hapa ananiambia hivyohivyo, sasa sharubati unanunua au unazuia watu? Nikanunua. Nusu glasi. Alipogeuka nikauona utepe umefunga nywele zake. Kila uzi naujua. Mikono yangu imefika pale, mimi sijafika.

Jumamosi, 8 Juni
Fournel kagundua. Kanivuta sikio mbele ya wageni, kaniamuru nizitoe kadi. Nimezitoa. Na nimeshatoboa nyingine, nzuri zaidi! ZÉLIE, YULE KAKUDANGANYA. NI MIMI. Jina langu sikuliweka, atanijua tu. Jumatatu zinaingia kwenye kitanda, na safari hii mkasi nautia mfukoni mwangu kwanza, nikate mimi, si Fournel. Toussaint atanunua nini? Msiri wangu, ungekuwa wewe ungefanyaje?