Refa Asiye na Mfano

Siku refa Wagdi Hamzawi alipolia mkahawani kwamba Aleksandria imemchosha na anaitaka Marekani, Bahgat Qandil hakumhurumia hata kidogo. Alivuta kiti, akamwita kapteni, kama wanamichezo wote wanavyoitwa mjini humo.

"Una nyumba, kapteni?"

"Vyumba vitatu, mtaa wa Kleopatra. Aliniachia marehemu mama."

Bahgat akaagiza chai ya pili, kwa gharama ya refa. Alikuwa mchumba wa Nagwan kwa miaka sita, na baba yake binti, Hajji Zaghlul muuza maini ya kukaanga, alikuwa na sharti moja tu: bwana harusi aje na nyumba. Bahgat alikuwa ameshaiuzia miji mizima dawa ya upara, lakini nyumba hakuwa nayo.

"Wamarekani wana viza ya watu wenye uwezo usio wa kawaida," alisema. "Nikikupitisha, nyumba yako iwe yangu."

"Mimi refa wa skwoshi! Juzi mchezaji kanirushia raketi."

"Tutaandika kwamba maamuzi yako huamsha hisia kali."

"Sina hata tuzo."

"Unayo. Filimbi ya Dhahabu ya Mediterania."

"Skwoshi haina filimbi, bwana!"

"Ndiyo maana wamekupa wewe peke yako."

Asubuhi ya Jumamosi gazeti likatoka na tangazo dogo la pongezi kwa kapteni Wagdi, limetiwa saini na "wapenzi wa haki". Mwenyekiti wa klabu ya skwoshi alipoliona, chai ilimpalia. Kesho mtu akimuuliza kwa nini yeye amenyamaza? Akalipia tangazo kubwa zaidi. Chama cha mchezo kikaona aibu, kikachukua nusu ukurasa. Wakafuata mgombea ubunge, wauza nyama, na daktari wa meno ambaye hajawahi kushika raketi. Wiki haijaisha, Wagdi alikuwa kwenye televisheni akieleza maana ya uadilifu, na wachezaji wakaanza kumwamkia kwa adabu.

Bahgat alikata kila tangazo gazetini, akaongeza barua za sifa alizotunga mwenyewe, akampelekea Nagwan, mfasiri wa ofisi moja karibu na mahakama. Wakili wa ofisi hiyo akapeleka ombi la viza kwa Wamarekani.

Mwezi wa nane jibu likaja: limekubaliwa. Wagdi, mtu wa ajabu kweli, akamtilia Bahgat saini hati ya nyumba siku hiyohiyo.

Bahgat akakimbia nayo hadi kwa Hajji Zaghlul.

"Nyumba hii hapa, baba! Tupange harusi."

Hajji aligeuza maini kikaangoni bila kuinua macho. "Harusi imeshapangwa, mwanangu. Alhamisi. Bwana harusi ni kapteni Wagdi."

"Wagdi? Yule hana nyumba!"

"Ana Marekani."

Nagwan akatokea nyuma ya pazia. "Karatasi za mke hufuata za mume, Bahgat. Umeandika mwenyewe, ukurasa wa pili wa ombi."

"Nagwan, yote yale uongo! Nimeyatunga mimi!"

"Nayajua, si mimi ndiye niliyeyatafsiri? Kurasa mia mbili na kumi. 'Mtulivu katikati ya dhoruba.' 'Haki yake haina bei.' Nikaenda klabuni kumwangalia, nipate kucheka."

"Ukacheka?"

"Nilicheka sana. Aliamua vibaya, akatukanwa, akasimama mbele ya watu wote akasema, jamani, nimekosea." Akafunga pazia nusu. "Miaka sita sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwako."

"Basi nimekosea!"

"Umechelewa, ndugu yangu," alisema Hajji, akimfungia mkate wa maini. "Chukua, huu bure. Ni mpangaji mzuri wa mambo, wewe."

Bahgat akatoka na mkate mkono mmoja na hati mkono wa pili. Nyumba ilikuwa yake kwa sheria, refa alikuwa ametimiza neno, Wamarekani wametimiza lao. Maisha yake yote hakuwahi kupata hasara katika biashara ambayo hakuna aliyemdanganya, na hakujua mtu hupeleka wapi malalamiko ya namna hiyo.