Mashine Zinazosoma Kinyume

Leo nimeaibika, ndugu zangu, tena mchana kweupe, kamati nzima ya kahawa imeketi inaniangalia.

Mnajua mimi ni mwandishi wa programu (mwenye akili kuliko wote Bukavu, kama nilivyoamini hadi jana). Mimi na mwenzangu Furaha tumetengeneza programu ya kufunga ujumbe kwa siri. Ushirika wa wakulima wa kahawa ndio ulioitaka, ili ofisi ya hapa iitangazie ghala la Kalehe siku ya kupima kahawa bila madalali kunusa. Leo tuliijaribu mbele yao. Ikienda vizuri, kazi ni yetu, na mimi ndiye mkuu wa kazi.

Sasa sikieni. Namba kubwa hukaa ndani ya mashine vipande vipande. Karibu mashine zote za leo huanza na kipande kidogo. Chache za zamani huanza na kikubwa. Furaha alikuwa ameandika sehemu maalumu ya kuzihudumia hizo za kinyume. Ilinikera! Mistari mirefu, mibaya, ya kuhudumia maiti.

"Nani anatumikishaka hiyo mavyuma leo?" nilimuuliza. "Iko ya musée!" (Yaani ya makumbusho.)

"Tuiache tu. Haitukulake kitu."

"Inatukulaka mbio!"

Nikaifuta. (Huku nikipiga mluzi.) Programu ikakimbia ajabu kwenye laptop yangu. Kwenye ya Furaha pia. Nikaona dunia nzima imeshajaribiwa.

Asubuhi nikavaa koti. Nikawahutubia wanakamati kuhusu teknolojia ya kisasa, nikawaponda wote wanaong'ang'ania vya kale. Kisha Maman Présidente, mkuu wa ushirika, akaandika siku ya kupima kwa mkono wake mwenyewe, akatuma. Simu ikalia. Ni Tonton Déo, mtunza ghala wa Kalehe. Nikaweka haut-parleur ili kila mtu asikie ushindi wangu (akili hizo!).

"Maman Présidente," akasema polepole, "mashini inasema weye uko mwizi."

Maman akaiinamia simu.

"Inasema nini?"

"'Wewe mwizi, toka hapa, huna hata haya.' Njo vile imeandika, na jina yako iko juu. Miye sijasema kitu, maman!"

Wazee wawili wa kamati wakatazamana. Uchaguzi wa ushirika ni mwezi ujao. Mwingine akaguna kama mtu aliyekuwa akijua siku nyingi.

Furaha ndiye aliyeelewa kwanza. Kisanduku kinachofungua ujumbe kule Kalehe ni cha occasion, yaani mtumba, kilishuka na kontena kutoka Ulaya. Wazungu wakichoka na chombo, kinakuja kuzeekea kwetu. Tunaishi hivyo: magari, friji, viatu, hata lile koti nililovaa! Na mimi, mtoto wa mtaa wa Kadutu, niliandika programu kana kwamba hapa tunanunua vipya. Kisanduku kinasoma kinyume. Kwa hesabu zake, ujumbe wa Maman ulikuwa umechezewa njiani, kikatoa onyo.

"Na hiyo maneno ya mwizi," Maman akauliza, "nani aliandika?"

Nilitamani sakafu inimeze. Haikunimeza.

"Ni miye, maman. Ilikuwa ya wezi."

"Ya wezi. Na imenifikia miye."

Furaha alikuwa ameficha nakala ya sehemu yake (mnafiki mkubwa, Mungu ambariki). Akairudisha, akaituma Kalehe kwenye kisanduku. Maman akajaribu tena. Safari hii Tonton Déo akaisoma siku ya kupima yote, herufi kwa herufi, na wazee wakapiga makofi. Hawakunipigia mimi.

"Furaha njo atakuwa mukubwa wa kazi," Maman Présidente akasema akisimama. "Weye, papa, utamusaidia. Uanze na kufuta ile matusi."

Naomba msinicheke. Bosi wangu mpya anacheka kwa niaba yenu wote.