Fearcharina, Mtake Msitake

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya upande tangu asubuhi. Kondoo wote wazima. Sìleas, mke wa mwanangu, bado hajajifungua.

Niliweke hapa ili lijulikane: mjukuu wangu ataitwa Fearchar. Ndilo jina langu, na kabla yangu lilikuwa la babu yangu, na kabla yake la babu yake. Makaburini kwetu akina Fearchar wamejaa tele. Walio hai je? Mmoja tu. Mimi! Nikiondoka, jina limezikwa. Hilo linaniuma kuliko goti, na sikubali.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeniita hivyo. Kijiji kizima kinaniita Ndoo. Enzi za ujana wangu jirani alizindua mashua, mvua ikashuka, nikavaa ndoo kichwani ili kofia mpya isilowe. Nikatembea hadi mwisho wa gati. Nikaendelea. Basi, mpaka leo! Mke wangu Oighrig ni mke wa Ndoo. Mwanangu Ailig ni Ailig wa Ndoo. Muulize mtu wa posta Fearchar anakaa wapi, atakwambia hamjui.

Halafu eti baba yake Sìleas, Coinneach, wanamwita Nahodha. Nahodha! Mtu anayetapika kwenye feri kabla haijafunguliwa kamba.

Nimempelekea Sìleas samaki wa chumvi, pipa dogo zima. Nikamkumbusha, kwa upole kabisa, kwamba mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba. Akasema ahsante sana baba, ila harufu inamshinda, niwaache nje. Kutoka nje nakuta paja la kondoo limefungwa kwa karatasi safi mlangoni. La Nahodha. Kanitangulia, mshenzi yule!

Jumatano, 5 Machi

Amezaliwa! Mama mzima, mtoto mzima. Msichana.

Nilikaa kitako. Oighrig alicheka hadi akashika meza. Akasema haya mzee, mambo yamekwisha, njoo unywe chai.

Yamekwisha kwa nani? Kwani bibi zetu waliitwaje? Baba akiwa Murchadh, binti Murdina. Baba akiwa Dòmhnall, binti Dolina. Unamalizia na "ina", msichana huyo, kamili. Fearcharina! Nimelitamka mbele ya kioo. Lina uzito. Mtoto mwenye jina hilo hakuna atakayemchezea shuleni. Oighrig kasema watamchezea mpaka aolewe.

Nimempigia simu Ailig hospitalini. Nikamtajia jina. Akauliza kama nimekunywa.

Dukani nikamkuta Nahodha. Sikuweza kujizuia, nikamwambia usoni, na watu wakisikia. Akatafuna biskuti yake taratibu, akasema, "Wazo zuri hilo, mkwe mwenzangu. Coinneachina. Mimi nisingelifikiria."

Mungu wangu! Nimempa silaha kwa mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Mchungaji alipita. Nilimlisha skonzi na siagi, na jemu ile Oighrig anayoificha. Alipofika ya tatu nikamweleza. Jumapili, wakati wa kuombea wagonjwa na wazazi, amtaje mtoto kwa jina. Fearcharina, mara moja tu, waziwazi. Likishatamkwa kanisani nani atalifuta? Mchungaji akapangusa makombo, akasema ataliweka moyoni.

Nimemshika!

Jumapili, 9 Machi

Sabato. Leo hatuandiki. Haya si maandishi, ni kukumbuka kwa kalamu.

Kanisa lilijaa. Mchungaji akafumba macho, akamwombea "mtoto huyu mchanga, ambaye jina lake lajulikana na Bwana peke yake." Peke yake! Baada ya skonzi tatu! Nyuma yangu Nahodha akajibu "Amina" kwa sauti ya kuvunja vioo. Watu walicheka kwa mabega.

Tukirudi, Oighrig akasema nisijisumbue. Tena kwa desturi, akasema, kuna mmoja tu anayepita mbele ya wote, naye ni maiti. Mtu akifa karibu na mtoto kuzaliwa, mtoto anapewa jina lake, awe wa kiume au wa kike, hakuna wa kupinga. Alisema hivyo huku akivua kofia, hata hajui alichokisema.

Jumatatu, 10 Machi

Sitaki kufa. Nina kondoo wanaokaribia kuzaa. Lakini kukaribia kufa? Nani amekataza?

Nimelala tangu saa nne asubuhi.

Jumanne, 11 Machi

Kumbe kufa kuna raha yake! Nimeletewa supu ya kuku mara mbili, soseji ya damu, na keki ya zabibu kutoka kwa mwanamke ambaye hajanisalimia tangu ugomvi wa uzio. Kila anayeingia namshika mkono, namnong'oneza: jina langu, jina langu. Wengine wametokwa na machozi. Mmoja kauliza jina langu ni nani hasa.

Nesi alikuja, akanipima presha. Akasema angependa kuwa nayo yeye. Akafunga begi lake kwa hasira.

Nahodha naye alikuja, mikono mitupu. Akaketi. Akanitazama sana. Kisha akafunua blanketi upande wa miguu na kuyaona mabuti yangu. Nilikuwa nimetoka kidogo kutazama kondoo, ningefanyaje? Akafunika, akaniombea heri, akaenda zake.

Jioni habari ikafika: Nahodha kaanguka jikoni kwake. Yuko taabani!

Mwizi! Mwizi wa magonjwa!

Jumatano, 12 Machi

Vita kamili. Asubuhi ikasemekana Nahodha hawezi kupumua vizuri. Mimi nikapoteza sauti. Mchana yeye akawa hawatambui watu. Oighrig ndiye mleta habari. Anatoka huku, anaingia kule, na kote anapewa chai. Sijamwona mwenye furaha hivi tangu harusi ya Ailig.

Baadaye akaitoa suti yangu nyeusi, akaipima kwa macho, akasema itabidi ipasuliwe mgongoni ili initoshe jenezani. Akauliza matangani tuwape watu samaki au nyama. Nikasahau kwamba nimepoteza sauti. Nikasema nyama.

Sìleas alipiga simu. Kesho wanarudi na mtoto. Aliniuliza hali, kwa huruma hasa, nikajibu kwa kukoroma. Akamwambia Oighrig kuna jambo anataka kumwomba baba yake, Nahodha, kuhusu jina, tangu siku ile ya kwanza, ila ataanzaje na mzee yuko hoi kitandani? Jina bado halijaandikishwa. Anangoja apone.

Nimeelewa vizuri sana. Anataka kumwomba ruhusa ya Coinneachina. Basi kesho, wakipita hapa, nitazidiwa. Nimejizoeza mbele ya kioo. Jicho moja wazi.

Alhamisi, 13 Machi

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Nilikuwa tayari. Nimejilaza, nywele nimezivuruga, dirisha wazi niisikie gari. Nikachungulia mara moja tu. Nikamwona kondoo wangu mweusi, mwenye mimba, amezama kwenye mtaro wa Nahodha, maji shingoni.

Nani angelala? Nikachomoka na pajama. Nikabeba ndoo ya chakula, maana kondoo yule hamfuati mtu, anafuata ndoo. Mvua, upepo, matope. Nafika mtaroni, namkuta nani? Mahututi wa pili! Kavaa gauni la kulalia la marehemu mkewe na mabuti, kashika pembe, anavuta, anamtukana kondoo wangu kama wake.

Nikashika upande wa nyuma. Tukavuta. Nikamwambia ahsante, lakini Coinneachina sahau. Akaniangalia, maji yakimtiririka puani.

"Wewe Ndoo una wazimu? Nani anaweza kumfanyia mtoto hivyo?"

Nikamuuliza kama hataki, alikuwa anakufa kwa ajili gani. Akasema kwa ajili ya kunizuia mimi. Akavuta tena. Halafu akasema yeye alitaka jina moja tu, Raonaid, la mkewe, naye hawezi kumwambia Sìleas. Tangu wamzike, miaka miwili sasa, hakuna aliyelitamka jina hilo ndani ya nyumba yao. Yeye anaogopa kumliza binti. Binti naye anaogopa kumliza yeye. Na gauni lile, akasema, ndilo alilokuta karibu.

Raonaid alikuwa mtu mwema. Siku ile ya gati yeye ndiye aliyenitoa ndoo kichwani, na hakucheka. Nilijisikia vibaya, nasema kweli. Nikaivaa ndoo ili mikono ibaki huru, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Kondoo akatoka. Sisi tukaingia.

Ndipo gari ya Ailig ikasimama barabarani.

Sijui walitazama kwa muda gani, mimi sikuwa naona kitu. Nilisikia tu Sìleas anacheka. Anacheka, anashindwa kupumua, anacheka tena, kisha si kicheko tena. Nilipoivua ndoo, alikuwa amesimama mtaroni na viatu vyake vizuri, amemkumbatia baba yake, anashika lile gauni. Na akalisema. Jambo alilotaka kumwomba tangu siku ya kwanza.

Mtoto ni Raonaid.

Nahodha alilia kama mtoto mwenyewe. Ailig alitazama angani. Mimi nilikuwa na matope machoni.

Ijumaa, 14 Machi

Ieleweke: sikushindwa. Niliruhusu. Kuna tofauti.

Tena bila mimi wasingezungumza wale. Nani alimtoa Nahodha kitandani? Kondoo wa nani? Hakuna aliyenishukuru. Oighrig ameirudisha suti kabatini, anasema ni hasara, alikuwa amekwisha nunua nyama.

Kondoo mweusi kazaa. Jike. Nahodha kapiga simu makusudi kushauri aitwe Fearcharina. Nimemkatia. Mwanakondoo ana macho mazuri, hata hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Dukani, foleni ndefu. Mwenye duka anauliza mtoto kapewa jina gani. Akaambiwa Raonaid. Akauliza Raonaid yupi sasa, maana kisiwa hiki kina akina Raonaid kila njia. Raonaid wa posta? Raonaid wa kilimani?

Foleni nzima ikajibu pamoja, bila kupanga:

"Raonaid wa Ndoo!"

Damu ilinipanda. Nikageuka niwape maneno yao. Mtoto ana siku kumi duniani, keshavishwa ndoo! Na ndivyo atakavyobaki. Atasoma na jina hilo, ataolewa nalo, wanawe watakuwa wa Ndoo na wajukuu wa Ndoo, mimi nikiwa udongo zamani. Fearchar hakuna, Ndoo milele!

Kisha nikamwona Nahodha kwenye viazi. Amekunja uso. Anasema kwa sauti mbona si Raonaid wa Nahodha, ilhali jina ni la mkewe? Anasema si haki. Wakamwambia huwa tunafuata upande wa baba, atulie, achague viazi.

Nikavua kofia. Nikainama kidogo kwa foleni. Nikalipia maziwa yangu, nikatoka kifua mbele.

Jumapili, 16 Machi

Sabato. Siandiki.

Walikuja kwa chakula cha mchana, wote, na Nahodha. Nilimpakata Raonaid mpaka mkono ukafa ganzi. Alinishika kidole, akanikazia macho bila kupepesa. Mkaidi huyu. Ni wetu kabisa. Nampenda, na sitaki mtu aniulize zaidi.

Wakati wa kuosha vyombo Ailig aliropoka kwamba Mungu akijalia, mwakani au mwaka wa pili, wangependa kumpatia ndugu. Nahodha aliacha kukausha sahani. Nikamwona. Akaniona.

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi mimi si mshindani.

Nimeanza kukohoa kidogo. Mapema hivi, ili safari hii isionekane ya ghafla.