Bata Kwenye Sare ya Muuguzi Judy

Nyumba Namba Nne,
Nyuma ya ghala la saruji,
Kitengela.

12 Mei 2025

Kwa Sista Amolo,
Muuguzi Msimamizi,
Kituo cha Afya kinachotazamana na bucha ya Kiragu,
Kitengela.

Kwa heshima, Sista Amolo,

KUH: MAVAZI YA WAUGUZI WAKO, HASA BATA

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, kwa sababu kila ninapokuona huwa umesimama. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa niko nyumbani nikingoja kujiunga na chuo cha uuguzi mwezi wa Septemba. Ningekueleza haya kwa mdomo, lakini mimi ni mtu wa haya. Shuleni niliinua mkono mara mbili katika miaka minne, na mara moja kati ya hizo nilikuwa najinyoosha. Nimefika mlangoni pa ofisi yako mara tatu. Mara ya tatu ulitoka ukaniuliza kama niko kwenye foleni ya chanjo ya pepopunda, nikaona haya kukataa. Nashukuru kwa chanjo. Mkono umepona.

Jambo lililonileta siku zote hizo ni mguu wa Shosho. Huyu ni mama mzazi wa baba yangu. Ana miaka themanini na mmoja, ana ugonjwa wa sukari, na juu ya kifundo cha mguu wa kushoto ana kidonda. Daktari alisema kisafishwe na kufungwa upya kila Jumanne na Ijumaa, na kwamba kikiachwa hivyo hivyo mguu unaweza kukatwa. Alisema hayo mbele yetu sote kwa sauti ya kawaida kabisa. Shosho amekuja kwenu mara nyingi kutibiwa mambo mengine, lakini kwa kidonda amekuja mara mbili, na mara zote mbili amekataa kumvulia muuguzi soksi.

Sababu ni nguo. Shosho anasema muuguzi ni mtu wa gauni jeupe, kofia nyeupe iliyotiwa wanga, na saa iliyobanwa kifuani kichwa chini. Nyinyi hamna mtu kama huyo. Mnaye Muuguzi Judy, ambaye sare yake ni suruali na blauzi pana, zote zenye picha za bata wadogo wa manjano, na kila bata ameshika mwavuli.

"Huyu ametoka kulala saa hii," Shosho aliniambia, wala hakunong'ona. "Mimi nioshwe kidonda na mtu wa pajama?"

Muuguzi Judy alicheka. "Shosho, kazi siku hizi inavaa hivi."

"Basi kazi irudi nyumbani ibadilishe."

Nimelifikiria jambo hili kwa makini, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kwamba haijulikani nani ni nani. Anayepiga deki amevaa buluu. Anayetoa damu amevaa buluu. Mwezi uliopita Shosho alimwona mwanamume nadhifu kwenye benchi, ana kalamu mbili mfukoni na kitambulisho shingoni, akamweleza matatizo yake ya choo kuanzia Krismasi. Mwanamume huyo alisikiliza hadi mwisho, akamshauri anywe maji mengi na ale mapapai. Baadaye tulijua kwamba alikuwa amekuja kurekebisha tangi la maji. Kwa kuwa nataka barua hii iwe ya haki, ni lazima nikiri kwamba mapapai yamesaidia.

2. Kwamba wauguzi wakiiacha nyeupe, nyeupe inachukuliwa na wengine. Jumanne iliyopita nilimwacha Shosho kwenye benchi nikaenda kuulizia kadi yake. Niliporudi hakuwepo. Nilimpata ng'ambo ya barabara kwa Kiragu wa bucha, ameketi kwenye stuli, soksi amevua, mguu ameupandisha juu ya kreti ya soda. Kiragu alikuwa amevaa koti lake refu jeupe na buti nyeupe za mpira. Ukutani palikuwa na cheti chake cha afya kwenye fremu, chenye muhuri wa kaunti, na Shosho alikuwa amekitazama akaridhika kwamba huyu amesoma. Kiragu alikuwa ameweka kisu chini kwa heshima.

"Shosho," alimwambia, "mimi naangalia nyama iliyokufa. Yako bado iko hai. Hii ni ya hapo ng'ambo."

"Hapo ng'ambo ni watoto wamevaa bata," Shosho akamjibu.

Tangu siku hiyo anamwita Kiragu daktari, na anasema ndiye mtu pekee wa hospitali Kitengela nzima anayejua kuvaa. Nakuuliza, Sista: heshima ya uuguzi imefika wapi, ikiwa imebaki buchani?

3. Kwamba viatu vyenu havina sauti. Jirani yetu wa nyumba namba sita, Mama Lennox, alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu. Anasema zamani muuguzi alisikika akija, ko, ko, ko, kutoka mwisho wa wodi, na mgonjwa akapata nafasi ya kujiweka sawa. Siku hizi mnavaa viatu vya mpira vyenye matundu. Muuguzi Judy alimtokea Shosho bila onyo lolote, akamkuta na soda nyeusi na mandazi mawili, naye ni mtu wa sukari. Zamani soda hiyo ingekuwa imeshafika chini ya benchi. Sioni haki mgonjwa akikamatwa kabla hajapata muda wa kuficha.

4. Shanga. Kitambulisho cha Muuguzi Judy kimening'inia kwenye mkufu wa shanga za Kimaasai kutoka Namanga, na jina lake limetungwa humo kwa shanga nyekundu. Shosho alidhani anauza, akamuuliza kama iko ya mtoto. Kibaya zaidi, mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa nyuma yetu aliziona shanga hizo, akamsalimia kwa Kimaasai, "Supa," akacheka, akamkabidhi mtoto wake achanjwe bila hata kuuliza yeye ni nani. Unaona jinsi mtu anavyoweza kuaminiwa kwa sababu zisizo rasmi.

5. Kwamba watoto hawalii inavyopasa. Nilimwona mvulana wa miaka minne akihesabu bata kwenye mkono wa Muuguzi Judy. Akadungwa sindano akiwa amefika bata wa saba, akaendelea na wa nane. Mtoto huyo atakua akidhani sindano ni jambo la kawaida. Mimi nililia kila sindano hadi darasa la sita, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kuheshimu hospitali.

6. Hili linanihusu mimi mwenyewe na sijamwambia mtu. Nilichagua uuguzi kwa sababu ya gauni. Nilidhani mtu mwenye haya akivaa nyeupe, nguo itamsemea. Ataingia wodini na watu watanyamaza na kunyoosha mikono bila yeye kuinua sauti. Sasa naona kwamba muuguzi wa siku hizi anaingia na mdomo wake mwenyewe, anatania, anaulizwa maswali na anajibu. Hiyo si kazi niliyoomba.

Kwa hivyo naomba magauni meupe na kofia zirudishwe, ikiwezekana kabla ya Ijumaa. Najua utasema Kitengela ni vumbi, na mvua ikinyesha ni matope meusi yanayomvua mtu kiatu, na kwamba gauni jeupe likitoka nyumbani asubuhi litafika kazini na rangi ya chai. Nimelifikiria hilo. Kituo kishone gauni moja tu, litundikwe kwenye msumari mlangoni, na wauguzi walivae kwa zamu, kama kile kibao cha ruhusa ya kwenda msalani tulichokuwa nacho shuleni. Mwenye gauni ndiye muuguzi. Akija mgonjwa mahututi, wengine wote wasimame hapo na wamsubiri mwenye gauni amalize chai. Hilo likishindikana, muazime koti la Kiragu. Nina hakika hatakataa, kwa kuwa sasa ni daktari.

Tukingoja jibu lako, nimechukua hatua. Mama Lennox bado ana gauni lake la kazi ndani ya sanduku, pamoja na kofia, na ameniazima. Sithubutu kumwomba Muuguzi Judy alivae. Kesho Jumanne nitalivaa mimi mwenyewe, hapa hapa nyumbani, na kumwamuru Shosho aje kituoni na avue soksi. Mguu wake hauwezi kungoja kamati.

Nisalimie wote hapo: anayepiga deki, anayetoa damu, mlinzi wa langoni, na fundi wa tangi akirudi. Msalimie hata Muuguzi Judy, ambaye kama binadamu sina ubaya naye. Mama Lennox anasema leo ni Siku ya Wauguzi, kwa hivyo heri ya siku hiyo, licha ya yote niliyoandika hapo juu.

Ni mimi, mwenye haya lakini mwenye hoja sita,

Nyawira Kahiga.

Nyongeza, Ijumaa 16 Mei:

Barua hii ilikuwa tayari tangu Jumatatu lakini niliona haya kuileta. Ningeiandika upya, ila fulskepu zimeisha. Tafadhali usichukue hatua yoyote kabla ya kusoma hapa.

Jumanne nililivaa gauni. Mama Lennox aliibana kofia kwa pini nne. Nilipoingia sebuleni, Shosho alisimama. Shosho hasimami kwa ajili ya mtu, hata mchungaji. Alisimama wima, mikono ameibana ubavuni, akasema, "Sista, sijasumbua mtu."

Hakuwa amenitambua. Mama Lennox alikimbia kuleta mashine yake ya presha, tukasoma mia moja na tisini juu, na anasema katika miaka yake yote hajawahi kuona presha ikipandishwa na kola.

Alipokaa ndipo akatueleza. Siku aliyomzaa baba, sista wa gauni jeupe alimwambia anyamaze, akanyamaza. Alishikwa na kiu kuanzia asubuhi hadi jioni na hakuthubutu kuomba maji. "Huyo mtu simpendi," alisema. "Ni kumwogopa namwogopa. Nilimtaka kwa sababu nilijua huyo akiniosha sitapiga kelele. Toa hiyo kitu, nione mjukuu wangu."

Nikalivua. Tukaja kituoni, mimi nikiwa na sweta yangu ya shule. Muuguzi Judy alikaa chini kabisa sakafuni, akauweka mguu wa Shosho magotini pake, juu ya bata. Akamwambia awahesabu. Shosho akahesabu kwa Kikuyu, tena kwa ukali, kama mtu anayehesabu kuku wake baada ya wageni kuondoka. Alipofika arobaini na tatu shashi ya ndani iliyogandia kidondani ikang'oka, akapiga kelele iliyosikika hadi kwa Kiragu. Nilingoja aambiwe anyamaze.

"Piga tu, Shosho," Muuguzi Judy akamwambia. "Hiyo ndiyo inanionyesha penye inauma."

Kidonda kimeoshwa. Daktari anasema tukiendelea hivi mguu utabaki.

Sasa nafika kwenye malalamiko mapya, ambayo ndiyo ya haraka. Leo Ijumaa Muuguzi Judy alikuja amevaa twiga. Shosho alimtazama juu hadi chini, akavuta soksi hadi gotini. "Huyu si muuguzi," alisema. "Muuguzi ako na bata." Foleni ilikuwa imefika mlangoni, Sista, na ndipo nikasikia mtu akiuliza kwa sauti kubwa sana, "Muuguzi Judy, bata wako wapi?" Watu wote waligeuka kunitazama. Nilikuwa mimi.

"Wako kwa kamba," akanijibu. "Wanakauka."

Nilimbembeleza Shosho mbele ya foleni nzima, kwa mdomo wangu mwenyewe, hadi akakubali kuhesabu twiga. Lakini twiga ni wanyama wakubwa, hawaenei kwenye nguo. Walikuwa kumi na wanane tu, wakaisha kabla ya shashi kutoka, ikabidi awarudie mara ya pili, na amelalamika kwamba anadanganywa.

Kwa hivyo naomba Muuguzi Judy aongezewe sare ya pili ya bata, ili wa kwanza wakifuliwa wagonjwa wasiteseke. Malalamiko yangu yote sita nayaondoa. Nimemsomea Shosho barua hii na amekubali yaondolewe, isipokuwa la tatu, la viatu. Anasema hilo libaki, kwa sababu ya soda.