Namba Kubwa, Mbuzi Mkubwa

Keynan alipogundua kwamba wajawazito wa Garissa hutoka maabara na karatasi wasizozielewa, za kipimo cha kasoro za mtoto tumboni, alimshukuru Mungu, akanunua koti jeupe la mtumba na kukalia benchi mkabala na zahanati. Masomo yake yaliishia darasa la sita, lakini koti lilionekana limefika chuo kikuu.

"Walaal, ndugu yangu, nisomee hii ya mtoto," mama mmoja alisema.

Keynan alikunja uso. "Moja kwa elfu mbili! Wallahi abaayo, dada yangu, hatari imejaa kama soko la ngamia. Lete mbuzi wa kinga."

Kanuni yake ilikuwa nyepesi: namba kubwa, mbuzi mkubwa. Na ajabu ya Mungu, aliiamini mwenyewe. Utapeli wake ulikuwa kwenye koti na mbuzi. Kwenye namba alikuwa mjinga halali.

Boma lilipojaa mbuzi, mkewe Bilan, aliyeshika mimba baada ya miaka tisa ya dua, alileta karatasi yake: moja kwa elfu nne mia mbili.

Keynan aliisoma mara mbili. Elfu nne! Mbuzi wa kutosha hatari hiyo alikuwa bado hajazaliwa. Alilia waziwazi, koti likiwa mwilini, kwa kuwa mtoto huyo alimtaka kuliko kitu chochote duniani.

Bilan alikuwa ameshaelezwa kila kitu na nesi. Alikuwa pia amechoka kunyooshewa vidole kisimani kwa ajili ya mbuzi wa watu. Akamtazama mumewe, akaona fursa.

"Twende kwa eddo Abshiro," alisema. Abshiro, aliyeitwa shangazi na wengi, alikuwa mkunga mstaafu asiyetaniwa.

Mkunga alisoma, akamtupia Bilan jicho, akashusha pumzi ndefu. "Mtoto huyu hawezi kukaa boma moja na mbuzi wa dhuluma. Rudisha wote kwa mkono wako, uombe radhi kila mlango. Kisha nitakusomea."

Siku mbili Keynan alizunguka mji akiburuta mbuzi. Wenye macho makali, walipomwona amechanganyikiwa, walidai wawili badala ya mmoja, naye akaongeza hata wake wa halali. Bomani ikabaki samadi.

"Sasa nisomee, eddo."

"Katika wajawazito elfu nne mia mbili wa namna hii, mmoja tu ndiye ambaye mtoto wake ana kasoro inayotafutwa. Namba ikikua, hofu inapungua."

Keynan alicheka, akalia, akamshukuru Mungu mara tatu. Ndipo akakumbuka mbuzi. "Mmenitapeli!"

"Tumekutibu," Bilan akamjibu.

Abshiro hakucheka. "Na wenye namba ndogo uliwaambia nini?"

Keynan akamkumbuka mmoja. Zeinab wa nyuma ya soko alikuwa na moja kwa sitini. Keynan alimpa hongera, akamwambia akapike halwa ya kusherehekea.

"Hata hiyo si hukumu," mkunga alisema, "lakini lazima arudi kwa daktari apimwe zaidi. Kimbia!"

Alikimbia kwenye jua la saa saba, makubazi mkononi, akiona haya kwa mara ya kwanza katika kazi yake. Mlangoni kwa Zeinab alieleza yote akitweta, bila kujitetea.

"Nilirudi kwa daktari siku ileile," Zeinab alisema kwa upole. "Kipimo cha pili kimetoka. Alhamdulillahi, mtoto hana neno."

"Kama ulijua mimi si daktari, mbona ulikuja kwangu?"

"Foleni ya zahanati ilikuwa ndefu, walaal, na wewe unachekesha."